Umri wa Kisima: Maoni Juu ya Orodha ya Vituo vya Maji

Orodha ya vituo vya maji ya Wizara ya Maji ya Tanzania, iliyokusanywa zaidi kati ya 2011 na 2013, yastahili kusomwa kama yasomwavyo maandishi mengine, yaani kwa kuuliza kila neno lasema nini na lanyamaza juu ya nini. Sehemu yake iliyotolewa kwa mashindano ya DrivenData ina vituo 59,400. Kati ya hivyo, 32,259 vilikuwa vikifanya kazi, 4,317 vilihitaji matengenezo, na 22,824 vilikuwa vimekufa.

Wasomaji wengi hukimbilia hesabu hiyo ya mwisho. Mimi naona kasoro iko penye safu ya mwaka wa kujengwa. Vituo 20,709 vimeandikiwa sifuri, na Tabora ni miongoni mwa mikoa iliyopatwa sana. Basi mtu wa Ipuli, katika mji ambao misafara ya pwani ilipumzika kabla ya kushika njia ya Ujiji, hawezi kuambiwa na orodha hii kama pampu za mkoa wake zachakaa au zaharibika kwa bahati tu. Tofauti si ndogo. Ikiwa zachakaa, yafaa kuzibadili kabla hazijafa. Ikiwa ni bahati, kung'oa pampu nzima ili kuweka mpya ni kutupa fedha.

Methali yetu husema kipya kinyemi. Hollander na Proschan, mwaka 1972, walitoa njia ya kuipima dhana kama hiyo bila kushurutisha vifo vifuate kanuni fulani. Chukua vitu vitatu vya aina moja, uulize kama maisha ya kimoja yazidi jumla ya maisha ya viwili vingine. Ikiwa umri hauna athari, jambo hilo hutokea mara moja katika nne. Likipungua mno hata bahati isiweze kulieleza, hapo kipya ni bora kweli. Jaribio hili lapendeza kwa wepesi wake, walakini lataka maisha kamili, tangu kuanza hata kufa. Orodha yetu haina hayo, hata pale mwaka ulipoandikwa: mkaguzi alifika siku moja, akakuta kizima au kifu, akaenda zake. Kwa habari za namna hiyo iko njia ya Ayer na wenzake ya mwaka 1955, ambayo hudhani jambo moja tu, kwamba sehemu ya vilivyosalia haiongezeki kadiri umri uendavyo.

Hata hivyo, kujengwa kwa nini? Kisima chaweza kuwa cha zamani na pampu ya juzi, nacho kikahesabiwa kikongwe hodari. Tena kituo kilichokufa kale kikang'olewa hakina wa kukiandika. Vizee viliobaki hujipatia sifa ambayo wenzao wangeipunguza.

Orodha ijayo itenge safu mbili: mwaka wa pampu yenyewe, na siku ilipokoma kutoa maji.