Sifa za Wasoma Kina

Nahodha husifiwa kwa usukani na mvuvi kwa wavu wake. Ni nadra kusikia mtu akisifiwa kwa kujua kilichoko chini ya chombo, ingawa huko ndiko iliko miamba, mafungu ya mchanga na samaki wenyewe. Mtu akisimama ufukweni Senga Bay, wilayani Salima, kiasi cha kilomita 120 mashariki ya Lilongwe, hawezi kutofautisha kwa macho maji ya mita 4 na maji ya mita 40. Ziwa Malawi lina urefu wa karibu kilomita 580. Kusini, linakogawanyika mikono miwili, sehemu kubwa haifiki mita 100. Kaskazini, upande wa Nkhata Bay, sakafu inaporomoka hadi mita 700 hivi, na pengine mporomoko huo huanzia karibu kabisa na ukingo. Siku hizi ramani ya ziwa inaingia kwenye simu, na kipima kina cha mwangwi, ambacho wengi hukiita kitafuta samaki, hutengenezwa hata kwa ajili ya mashua ndogo. Nataka kuusifu ufundi wa kuvitumia viwili hivi, ila sifa yangu ina sharti. Ufundi huo hauji kwa kuviamini. Huja kwa kuvihoji, kila kimoja kwa kauli ya mwenzake, kama hakimu anavyofanya na mashahidi.

Tuanze na shahidi wa mwangwi. Kifaa hutuma mlio majini, mlio hugonga sakafu na kurudi, nacho hupima muda uliopita. Sauti husafiri majini karibu mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mwangwi uliorudi baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde umetoka mita 75 chini. Kanuni yenyewe ni nyepesi, na Mjerumani Alexander Behm alipata hataza ya kifaa cha namna hii mwaka 1913, mwaka mmoja baada ya Titanic kuzama. Kazi iko kwenye kukisoma kioo. Ukingo wa kulia wa picha ndio sasa; kila kilicho kushoto kimeshapita, na mashua ikisimama picha huendelea kusogea huku ikichora mahali palepale. Mlio hutoka kwa umbo la pia: ukiwa na pembe ya nyuzi 20, kwenye mita 30 unafunika duara lenye upana wa mita 10 hivi, kwa hiyo jiwe lililo pembeni huchorwa kana kwamba mashua iko juu yake hasa. Tope laini hurudisha mstari mwembamba. Mwamba hurudisha mstari mnene, na mara nyingine mwangwi wa pili chini yake. Kundi zito la usipa, wale dagaa wa Ziwa Malawi, linaweza kuonekana kama sakafu. Na maji yakizidi uwezo wa kifaa, tarakimu huruka ovyo au hubaki pale ilipokwama, na asiyejua akaichukua kuwa kipimo. Kubwa kuliko yote, kifaa cha kawaida huona chini, hakioni mbele. Kinakupa habari za mwamba ukiwa umeshaufikia.

Ramani ndiyo inayoona mbele, lakini inaona kwa kumbukumbu za watu wengine. Mistari yake ya kina imeunganishwa kutokana na vipimo vilivyochukuliwa huku na huku. Kati ya kipimo na kipimo mchoraji wa zamani alikisia kwa kalamu. Kompyuta ya leo hukisia vilevile, ila mistari yake hupendeza zaidi. Unaweza kuikuza ramani kwenye simu mpaka ghuba nzima ijaze kioo, na bado hujaongeza kipimo hata kimoja. Tena ziwa lenyewe halitulii. Maji ya Ziwa Malawi hupanda na kushuka kila mwaka kwa kufuata mvua, na kwa miaka mingi tofauti huwa kubwa: kutoka kilele cha mwaka 1980 hadi upungufu wa mwishoni mwa miaka ya 1990, uso wa ziwa ulishuka kwa zaidi ya mita 3. Zamani zaidi, tangu 1915 hadi katikati ya miaka ya 1930, maji yalikuwa haba kiasi kwamba Mto Shire uliacha kutiririka kutoka ziwani. Upande wa Ziwa Tanganyika, mwaka 2020 na 2021 maji yalipanda yakaingia majumbani Uvira na Bujumbura. Mwamba uliokuwa mita 4 chini ya maji siku ya kupimwa unaweza kuwa mita 1 leo, na ukuta wa nyumba iliyomezwa haumo katika ramani yoyote.

Hapo ndipo fundi anapojulikana. Hupakua ramani mapema akiwa mjini, kwa sababu simu hupata mahali ilipo kwa setilaiti bila kuhitaji mtandao, lakini ramani yenyewe isipokuwemo ndani ya simu, huko ziwani atabaki na nukta juu ya karatasi tupu. Hatoboi mashua ya mbao kwa ajili ya sensa. Huifunga kwenye ubao ulioteremshwa ubavuni, mbali na mapovu ya injini, kisha hupima imezama sentimita ngapi, maana tarakimu za kioo huanza kuhesabiwa pale ilipo sensa na si kwenye uso wa maji. Halafu huteremsha bildi, ile risasi ya mabaharia yenye kamba iliyotiwa alama za kina. Kifaa kikisema mita 8 na kamba ikisema 7, kinachorekebishwa ni kifaa. Mabaharia wa zamani waliijaza bildi mafuta mazito kitakoni ili irudi na mchanga au tope la chini, ushahidi unaoshikika kwa vidole, wakati mstari mnene wa kioo ni dalili tu. Mwisho, fundi huinua macho akaitazama nchi kavu. Wavuvi wa Ziwa Malawi wanaotumia wavu wa chilimira huwafuata samaki waitwao utaka kwenye virundu, yaani vilima vya mawe vilivyozama, na hufika huko kwa kulinganisha alama: mti fulani ukikaa sawa na kilele fulani, na upande mwingine jabali likikutana na ncha ya kisiwa. Mistari hiyo miwili ikikatana, chirundu kiko chini yao. Ramani ikidai hapo pana mita 20, mwangwi ukitoa 12 na alama za pwani zikisema tumefika, mashahidi wawili wamemshinda mmoja, na nahodha mwenye busara hupunguza mwendo.

Atatokea mtu aseme kwamba kinachoua ziwani ni upepo na uzito wa mizigo, wala si kina. Ushahidi anao. Meli ya Vipya ilizama Ziwa Malawi tarehe 30 Julai 1946, ikiwa bado mpya, na watu wapatao 145 wakapotea. Iliangushwa na dhoruba. MV Bukoba, tarehe 21 Mei 1996, na MV Nyerere, tarehe 20 Septemba 2018, zilipinduka Ziwa Victoria zikiwa zimejaza watu kupita kiasi. Hakuna kioo kinachoweza kumshusha abiria wa ziada, wala kinachoshika nafasi ya jaketi la kuokolea. Hayo nayakubali yote. Lakini upepo na kina havikai mbalimbali. Mwera, upepo wa kusini mashariki unaovuma kwa nguvu hasa kati ya Mei na Agosti, husukuma mawimbi kwa urefu mkubwa wa ziwa. Yakifika penye kina kifupi hupunguza mwendo, husongana, huinuka na kuvunjika. Anayejua sakafu anajua kabla ya dhoruba ni wapi mawimbi yatageuka hatari. Na anayetafuta hifadhi nyuma ya visiwa vya Maleri, au ndani ya Monkey Bay, pengine huingia usiku, karibu na mawe, wafanyakazi wake wakiwa hoi. Wengi huchelewa kugeuza chombo kwa sababu hawaoni pa kukimbilia. Mwenye njia ya kuingilia iliyokwisha kupimwa hugeuza mapema, na huko kuwahi ndiko kunakookoa watu.

Pingamizi zito zaidi linahusu samaki. Dume wa samaki aitwaye chambo hujenga kiota chake kwenye sakafu ya kina kifupi, na kifaa kinachowaonyesha wavuvi mahali samaki walipo kinaweza kuwaongoza hadi kitaluni kwao. Hatari hiyo ni ya kweli. Ila chambo alipungua vibaya katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, wakati wavuvi wadogo hawakuwa na vipima kina. Makokoro na nyavu za matundu madogo yalitosha kufanya kazi hiyo. Ulinzi wa chambo ni sheria na watu wa kuisimamia, kama ule msimu wa kufunga makokoro kila Novemba na Desemba, na si giza la mvuvi. Tena mwangwi uleule ndio uliowasaidia watafiti kukadiria samaki: mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa meli ya utafiti iliyoitwa Usipa kule Ziwa Malawi, na baadaye katika muongo huohuo kwa Tanganyika Explorer kule Ziwa Tanganyika. Na kioo humfundisha mvuvi jambo ambalo uso wa maji hauwezi kumfundisha. Chini ya mita 250 hivi, Ziwa Malawi halina oksijeni. Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, hukosa oksijeni kuanzia mita 100 hivi kaskazini na 200 kusini. Picha tupu kwenye mita 300 si ubovu wa kifaa, ni habari sahihi. Ziwa linaloonekana halina mwisho lina samaki kwenye tabaka la juu tu, na mtu aliyeona tabaka hilo lilivyo jembamba ana sababu moja zaidi ya kuacha kusema kwamba samaki hawatakwisha.

Linabaki swali la wakazi wa mahali pasipo na ziwa. Dzaleka, gereza la zamani wilayani Dowa lililogeuzwa kambi ya wakimbizi mwaka 1994, iko zaidi ya kilomita 40 kutoka Lilongwe, na wakazi wake, zaidi ya 50,000, wengi wao wametoka Kongo, wengine Burundi na Rwanda. Sera ya Malawi inawataka wakae kambini. Usipa mkavu huwafikia sokoni, ziwa haliwafikii. Kuwahubiria ufundi wa kina watu wasio na mashua kunaweza kuonekana kama dhihaka. Lakini kati yao wamo waliokulia Uvira, Baraka na Fizi, upande wa Ziwa Tanganyika, waliovua dagaa na mgebuka kwa taa za karabai, na alama za pwani ile bado ziko vichwani mwao. Vipimo vya ufuko huo wa Kongo ni vichache, na vita vimewatawanya waliozijua alama zake. Sehemu ya maarifa yanayokosekana kwenye ramani za Tanganyika imehifadhiwa Dzaleka, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ufuko huo.

Kuyaweka maarifa hayo kwenye ramani hakuhitaji mashua. Picha za setilaiti zinaonyesha vilele, rasi, makanisa na midomo ya mito. Mzee akisema kwamba mwamba fulani hupatikana mti mkubwa wa misheni ukikaa sawa na bonde, na rasi ikiziba kijiji cha pili, kijana mwenye kompyuta anaweza kuchora mistari hiyo miwili na kuona inakatana wapi. Vijana hao wapo: wengine wamefunzwa kompyuta humo kambini na TakenoLab, wengine wamesoma masomo ya mtandaoni yaliyofika kambini kupitia shirika la Jesuit Refugee Service. Watajifunza upesi kwamba mistari inayokatana karibu na pembe mraba hutoa nukta ya kuaminika, na inayokatana kwa pembe nyembamba huweza kukosea kwa mamia ya mita. Watajifunza pia kumuuliza mzee wa pili bila kumtajia jibu la wa kwanza, na kuandika ni mwaka gani kila mmoja alivua hapo mara ya mwisho, kwa kuwa maji yamepanda tangu hapo.

Kumbukumbu hukosea, bila shaka, na ramani yenye kosa huua. Wachora ramani za bahari walilijibu tatizo hili zamani: mwamba ulioripotiwa lakini haujapimwa huchorwa pamoja na shaka yake, kwa alama inayosema kwamba mahali pake hapana hakika, au kwamba kuwepo kwenyewe hakuna hakika. Baharia akiona alama hiyo hupita mbali, au huja polepole akiwa na bildi. Ramani ya Dzaleka ifuate desturi hiyo: kila nukta ibebe mwaka, idadi ya walioishuhudia na neno la shaka, mpaka atakayefika pale na kipima kina aithibitishe au aifute. Programu nyingi za simu huchora kisio na kipimo kwa rangi moja, na hapo zinaweza kujifunza kwa wazee hao, kwa kuwa mvuvi mzoefu akiulizwa habari za mwamba hutenganisha alichokiona na alichosimuliwa. Tabia hiyo ya kutenganisha ndiyo ufundi ninaousifu, na inaweza kufundishwa Dzaleka leo kabla ya mwanafunzi hata mmoja kukanyaga mashua.