Kona Inapatikana kwa Bikari

Mwanafunzi wa usanifu majengo, kabla ya kubuni nyumba yake, hufundishwa kuipima iliyosimama tayari. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni mahali pagumu pa kujifunzia hilo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa nusu mita na zaidi, na ni nadra kukuta chumba chenye kona nne za mraba.

Wanafunzi wanafanya kazi wawili wawili. Mmoja anashikilia mwanzo wa tepu, mwenzake anaivuta hadi ikaze, anasoma, anaandika. Kuta nne zikiisha, kazi bado. Wanapima ulalo, kona hadi kona, kisha ulalo wa pili. Maana urefu wa kuta pekee hausemi chumba kimepinda vipi. Timazi inaonyesha ukuta umeinama kiasi gani. Halafu wanainua macho darini kwenye boriti za mikoko. Mti huo hauvuki mbali, aghalabu mita tatu hivi, na ndio uliofanya vyumba viwe virefu na vyembamba.

Mezani, karatasi inabandikwa ubaoni na kunyooshwa kwa rula ya T. Skeli ni 1:50. Mwanafunzi anachora ukuta mmoja kwa penseli ya 2H, kwa wepesi. Anafungua bikari kwa urefu wa ukuta wa pembeni, anazungusha tao. Anaifungua tena kwa ulalo, tao la pili, kutoka ncha nyingine ya ukuta ule. Yanapokatana ndipo ilipo kona. Mimi hustaajabu kila mara: kona haikukisiwa hata chembe.

Ulalo wa pili ndio hakimu. Milimita moja karatasini ni sentimita tano ukutani, kwa hiyo ukikataa, hakuna kuvutavuta mstari. Wanarudi kwenye nyumba ile, wanapiga hodi, wanaomba kupima tena.

Ukikubali, anashika penseli laini. Ukuta uliokatwa na ramani unapata mstari mzito. Kizingiti na ngazi, mwembamba. Anavuta mstari huku akizungusha penseli taratibu vidoleni ili ncha iishe sawasawa. Anaanzia juu ya karatasi kushuka, mkono usipake alichokwisha kuchora, na mabaki ya raba anayafagia kwa brashi. Mwisho ni boriti, zilizo juu ya mkato wa ramani: anazichora kwa vistari vilivyokatika, moja moja, kwa nafasi zilezile alizozipima darini, ingawa hakuna mbili zinazolingana.