Nusu bei, chupa nzima: ruzuku ya chanjo inamfikiaje mfugaji wa ng'ombe wawili Pugu?

Tuanze na hesabu ya haraka. Juni 2025, pale Bariadi, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo, mpango wa miaka mitano wa shilingi bilioni 216. Kwa ng'ombe mmoja chanjo ni shilingi 1,000: Serikali inalipa 500, mfugaji anamalizia 500. Sasa chukulia mama anayefuga ng'ombe wawili wa maziwa nyuma ya nyumba yake Pugu. Ruzuku yake ni shilingi ngapi? Elfu moja. Kwa bei ya pumba, hiyo hela haifiki mbali.

Usicheke kwanza, maana udogo wa hela siyo hoja yangu. Chanjo yenyewe ni ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Kimelea chake ni bakteria asiye na ukuta wa seli, ndiyo maana penisilini haimwezi. Anasambaa kwa pumzi: mgonjwa akikohoa, aliyesimama jirani anavuta. Tena ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa huku ugonjwa umejificha mapafuni. Pugu ndipo ulipo mnada mkubwa wa mifugo wa Dar es Salaam, unaopokea malori ya ng'ombe kutoka mikoani. Kwa hiyo ng'ombe akichanjwa Shinyanga, na wa Pugu anapata ahueni. Faida inayovuka uzio namna hiyo ndiyo inayostahili hela ya umma. Hapo mpango nimeupa alama zake.

Unapokosa alama ni kwenye chupa. Chanjo inayotumika sana Afrika kwa ugonjwa huu, T1/44, ni bakteria hai waliopunguzwa makali, wakagandishwa na kukaushwa. Inakuja kwenye chupa ya dozi nyingi, kwa kawaida 50 au 100. Ukishaichanganya na kimiminika chake, saa inaanza kuhesabu: bakteria wanakufa taratibu, na dozi zilizobaki haziwezi kuwekwa hadi kesho. Mfugaji wa Simiyu mwenye ng'ombe mia anaimaliza chupa asubuhi moja. Kwa yule mama wa Pugu zinatumika dozi mbili, na kama chupa ni ya 100, zinamwagwa 98. Niambie wewe, afisa mifugo gani atafungua chupa kwa ajili yake?

Kasoro ndiyo hiyo. Ruzuku imehesabiwa kwa kichwa cha ng'ombe, wakati chanjo inatumika kwa chupa. Ng'ombe wa bandani haendi malishoni wala joshoni, lazima afuatwe nyumbani. Gharama ya kumfuata, yaani usafiri, barafu na dozi zinazomwagwa, haimo kwenye ile 500. Na kinga yake hudumu kama mwaka mmoja, kwa hiyo anayerukwa leo anaweza kurukwa mwaka hadi mwaka.

Tusidanganyane pia: chanjo hii haiongezi lita za maziwa. Ndigana kali inayoletwa na kupe inaua ng'ombe wa maziwa vilevile, na ina chanjo yake tofauti, ya bei kubwa zaidi.

Nini kifanyike? Kwanza, mitaa ya mjini ipangiwe siku moja ya kuchanja, majina yaandikishwe mapema kwa mwenyekiti wa mtaa, chupa ifunguliwe idadi ikitimia. Pili, mjini ziletwe chupa ndogo. Tatu, taarifa ziache kutupa idadi ya dozi peke yake. Dozi iliyotoka ghalani inaweza kuishia kwenye mtaro. Tuambiwe ni kaya ngapi zenye ng'ombe zimefikiwa, na ngapi zimerukwa.

Kama unafuga Pugu, Chanika au Kigamboni, usiishie kuuliza bei ya chanjo. Muulize mwenyekiti wako: chupa inafunguliwa lini mtaani kwetu?