Tafuta Nukta Kwanza, Nguzo Ichongwe Baadaye

Kupunguza nguvu ya leza hakukupi fotoni moja moja. Ishushe hadi kila mpigo uwe na wastani wa fotoni 0.1: mipigo kama 90 katika kila 100 itatoka mitupu, na mara chache mmoja utabeba fotoni mbili. Kwa anayetuma ufunguo wa siri, hiyo ya ziada ndiyo balaa, kwani mdukuzi anaweza kuidaka mpokeaji asishtuke.

Nukta ya kwanta haina bahati nasibu hiyo. Ni kisiwa cha indiamu asenaidi, chenye upana wa takriban nanomita 20, kilichozikwa ndani ya galiamu asenaidi. Atomi za indiamu asenaidi huachana nafasi kubwa kuliko za galiamu asenaidi kwa karibu asilimia 7, hivyo tabaka lake likinenepa kidogo hushindwa kulala bapa na kuinuka vichuguu. Humo elektroni hukaa katika ngazi maalumu za nishati. Ikishuka hutoa fotoni moja, na haitoi nyingine mpaka ichochewe upya. Mwaka 2000 kundi la Atac Imamoglu huko Santa Barbara, Marekani, lilithibitisha jambo hilo kwa mipigo ya leza.

Kuitoa fotoni nje ndiko kulikosumbua zaidi. Galiamu asenaidi hurudisha ndani sehemu kubwa ya mwanga, ukatoka asilimia chache tu. Dawa ni kuiweka nukta katikati ya nguzo ya mikromita chache, yenye vioo juu na chini, cha juu kikivujisha mwanga zaidi. Lakini visiwa huota popote, na kila kimoja kina rangi yake. Watu walichonga nguzo nyingi, kisha wakasaka ile iliyobahatika.

Mwaka 2008 kundi la Pascale Senellart, Ufaransa, liligeuza mpangilio. Sampuli ilipakwa utandu unaobadilika kwa mwanga wa kijani, ikapozwa sana. Leza nyekundu iliiamsha nukta bila kuugusa utandu. Mahali nukta ilipong'aa kupita kote, leza ya kijani ilichora duara papo hapo. Kosa lilikuwa kama nanomita 50. Kinachonivutia zaidi ni kipenyo: nguzo nyembamba husogeza rangi ya mwanga unaovuma kati ya vioo vyake, kwa hiyo waliisoma rangi ya nukta kwanza, ndipo wakachagua ukubwa wa duara. Kufikia 2016 nguzo iliunganishwa kwa mikono minne myembamba na pete ya umeme, ili volteji itulize chaji zinazoizunguka nukta. Kufanana kwa fotoni kulipimwa 0.9956.

Hasara moja ilibaki. Leza ya kuchochea ina rangi ileile ya fotoni, na kuitenga kwa kichujio cha mwelekeo wa mtetemo hula nusu ya fotoni. Mwaka 2021 watafiti wa Basel na Bochum walitumia kioo cha juu kilichotenganishwa na sampuli, huku mielekeo miwili ya mtetemo ikipewa rangi zilizopishana kidogo. Fotoni ilifika mwisho wa uzi wa kioo katika asilimia 57 ya mipigo. Hapa hakuna kuchonga: unasogeza sampuli hadi ukutane na nukta, kisha unarekebisha pengo hadi rangi zilingane. Binafsi naona ni njia ya kistadi zaidi kwa maabara, lakini kwa mashine ya kuuzwa bado ningechukua nguzo. Kioo kinachoelea huyumbishwa na mtikisiko mdogo kabisa, na majokofu mengi ya baridi kali huendeshwa na pampu zisizotulia.