Wino Mweusi na Picha za Goma

Wahakiki wa picha huchunguza jicho la mpiga picha na kuusahau wino wa mchapaji. Picha nyeusi na nyeupe ambazo Sebastião Salgado alipiga mwaka 1994 katika kambi za wakimbizi wa Rwanda karibu na Goma, na kuzitia baadaye katika kitabu chake Exodes (2000), zadhihirisha upungufu wa uhakiki huo. Goma imekaa juu ya mawe meusi ya volkeno ya Nyiragongo. Hapo uso, kivuli na jiwe hukaribiana mno kwa rangi.

Mtu achapaye leo picha za namna hiyo kwa printa yenye wino mweusi mmoja huilazimisha mashine kuunda kijivu kwa kuchanganya wino za rangi, nacho kijivu hicho huelekea ukijani au uwekundu mwanga ubadilikapo. Tangu mwaka 2005 wino za Epson za K3 zimetoa viwango vitatu: weusi, kijivu na kijivu hafifu, hivyo uso hutengana na jiwe. Aidha, karatasi ya pamba isiyong'aa hudai wino mweusi wake maalumu, la sivyo weusi hufifia.

Kiswahili chenyewe hutofautisha mtu mweusi tititi na mtu wa maji ya kunde. Printa isiyoweza kuwatofautisha humnyang'anya mkimbizi hata sura aliyobaki nayo. Kwa hiyo uteuzi wa wino ni sehemu ya maana ya picha, na uhakiki hauna budi kuupima.