Utando wa Dhahabu Unaonasa Molekuli

Jamani, utando huu! Umepakwa juu ya kioo, na ukiuelekeza kwenye mwanga huoni ule mng'ao wa pete ya dhahabu. Unaona bluu! Ni dhahabu tupu, ila unene wake haufiki hata nanomita 10. Sisi wa Kisenge, huko Kongo, tumekulia kwenye manganizi, madini ya kuhesabiwa kwa mabehewa, hadi vita vya Angola vilipofunga reli ya Benguela, iliyoyasafirisha, mwaka 1975. Lakini kijidhahabu hiki kimenirusha roho kuliko behewa zima.

Siri ya kunasa molekuli iko kwenye mianya. Mvuke wa dhahabu hutua polepole ndani ya chombo kisicho na hewa, ukajikusanya visiwa visiwa, na fundi husimamisha kazi kabla visiwa havijaungana, mianya ikabaki kati yake. Mwanga wa infraredi una mawimbi marefu mno kwa molekuli; tabaka moja la molekuli huumeza kidogo sana, hata kipimo hakishtuki. Kwenye mianya ya dhahabu mwanga hubanwa, ukawa mkali ajabu, na mtetemo wa molekuli iliyotua hapo ukaonekana mara kumi, mara mia, wakati mwingine zaidi! Wanasayansi Hartstein, Kirtley na Tsang waliligundua hilo mwaka 1980. Na kuna njia isiyodai chombo kile: silikoni huchovywa kwenye mchanganyiko wenye chumvi ya dhahabu, kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, kwa dakika moja au zaidi kidogo. Dakika! (Ila mna asidi ya hidrofloriki, inayopenya hadi mfupani. Kazi ya maabara hiyo.)

Kule Musompo, soko la madini karibu na Kolwezi, mashine ya Metorex humwambia mchimbaji asilimia ya kobalti na shaba. Vizuri, lakini hiyo husoma elementi, molekuli haizijui. Zanthati, dawa inayoyafanya madini ya shaba yaelee na povu, ni molekuli, na salfa yake hushikamana na dhahabu. Yaani utando wenyewe huinasa, kisha huionyesha!

Kasoro zipo. Kitu kikiwa nanomita 10 hivi kutoka kwenye dhahabu, utando karibu hauna habari nacho, na tando mbili za siku moja zaweza kutofautiana nguvu. Hata hivyo nautaka Kolwezi, unase zanthati kwenye maji yanayotoka viwanda vya kuelesha madini, kabla hayajafika mtoni.