Mti wa Kushindilia: Uhakiki wa Mnara wa Kikosi cha Mizinga cha Smith, Gettysburg

Minara ya vita huingizwa mara nyingi katika mijadala ya sera za kumbukumbu kana kwamba ni rekodi: jiwe limesimama pale, basi tukio lilitokea pale, kama jiwe lisemavyo. Makala haya yanaupinga usomaji huo kwa kuhakiki mnara mmoja wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, yaani mnara wa Kikosi Huru cha 4 cha Mizinga cha New York, uliozinduliwa tarehe 2 Julai 1888 katika eneo la miamba liitwalo Devil's Den, kusini mwa mji wa Gettysburg, jimboni Pennsylvania. Hoja yetu ni kwamba mnara huu ni utetezi. Waliousimamisha walikuwa na jambo la kujibu.

Jambo lenyewe lilitokea miaka 25 kamili kabla ya uzinduzi. Alasiri ya tarehe 2 Julai 1863, Kapteni James E. Smith aliamriwa kuweka mizinga juu ya ukingo mwembamba wenye mawe. Nafasi ilitosha mizinga minne tu. Miwili iliyobaki ikawekwa nyuma kulinda bonde la Plum Run. Magari ya risasi hayakuweza kupanda, kwa hiyo askari walibeba risasi kwa mikono kutoka chini ya mteremko, chini ya moto wa adui. Mzinga mmoja uliharibika ukarudishwa nyuma. Mitatu ilitekwa na askari wa Kusini. Kikosi kilipoteza watu 13 kwa jumla: wawili walikufa, 10 walijeruhiwa, mmoja hakujulikana alipo.

Kwa mwanajeshi wa mizinga wa karne ile, kupoteza mizinga ilikuwa aibu iliyokaribia ile ya kupoteza bendera. Smith aliishi na aibu hiyo, na mwaka 1892 alichapisha kitabu kizima kuhusu kikosi chake. Kwa maelezo yake, alitumaini kwamba askari wa miguu waliokuwa karibu wangeirudisha mizinga ile. Kabla ya kuiacha, watu wake waliondoa vifaa vya kuijazia ili adui asiweze kuigeuza na kuwapiga nayo.

Hapo ndipo sanamu inapoanza kusema. Juu ya msingi amesimama mpiga mizinga mmoja, asiye na jina, ameshika mti wa kushindilia. Msomaji aliyewahi kuona gobori likijazwa anajua kazi ya mti huo: bila kushindilia baruti na risasi hadi ndani kabisa ya mtutu, silaha yote ni chuma kitupu. (Kiswahili kinalijua jambo hili kwa njia yake, kwani kwetu mzinga wa vita na mzinga wa nyuki vina jina moja, na vyote viwili ni uwazi unaongoja kujazwa.) Mchongaji angeweza kuchonga mzinga. Badala yake alichonga kifaa ambacho kikosi hakikukubali kimwangukie adui. Sanamu inakiri kwamba mizinga ilichukuliwa, na papo hapo inadai kwamba iliyochukuliwa haikuwa na uwezo wa kuua. Ni hoja ya wakili hodari, tena imetolewa bila neno hata moja.

Utetezi huu unaonekana vizuri zaidi ukilinganishwa na mnara jirani wa Kikosi cha 124 cha New York, wa mwaka 1884, wenye sanamu ya kamanda wake, Kanali Augustus van Horne Ellis, aliyeuawa mahali hapo. Ellis amekunja mikono kifuani. Aliyekufa hana la kujitetea. Mpiga mizinga wa Smith hana ruhusa ya kukunja mikono. Lazima aonekane kazini.

Kwa upande wa sanaa, basi, mnara huu umefaulu. Udhaifu wake ni ule wa karibu minara yote ya vikosi katika uwanja huo: hueleza nani alisimama wapi, lini, na alipoteza nini, bila kueleza vita vilihusu nini. Utumwa hautajwi. Wala hatajwi yeyote kati ya watu weusi huru wa Pennsylvania waliokamatwa na jeshi la Lee katika kampeni hiyo hiyo na kupelekwa Kusini. Maveterani walichagua kugombea mita za mwamba, na utaratibu wa kuweka minara mahali vikosi vilipopigania uliwapa kila sababu ya kufanya hivyo. Usahihi wa mahali ukageuka kuwa mbadala wa maana, na aliyeumia bila kuwa na kikosi hakupata jiwe.

Februari 2006 wahalifu waliiangusha sanamu kutoka kwenye msingi wake, na kichwa kikakatika. Ilitengenezwa, ikarudishwa. Uamuzi huo ulikuwa sahihi, na haukuwa mgumu: jiwe lililovunjwa lina mwenye kulidai. Mshauri wa sera anayetaka kujifunza kutoka Gettysburg aanzie kwenye swali ambalo ukarabati haukulazimika kulijibu, nalo ni nani anapaswa kuandika kibao cha pili, kando ya mnara, bila kuligusa jiwe la Smith wala kumnyang'anya mpiga mizinga mti wake.